Kani moja, mifupa miwili: teke lililovunja mguu wa Anderson Silva

Tarehe 28 Desemba 2013, katika ukumbi wa MGM Grand Garden Arena jijini Las Vegas, Anderson Silva, mpiganaji wa MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka), alirusha teke la chini kwa mguu wa kushoto. Mpinzani wake, Chris Weidman, akainua goti. Muundi wa Silva ukagonga chini kidogo ya goti hilo, ukapinda pasipo na kiungo na kuuzunguka mguu wa Weidman kama kamba. Silva aliporudisha mguu chini ili ausimamie, haukuwa tena na mfupa wa kumbeba, akaanguka huku ameushika. Refa alisimamisha pambano dakika 1 na sekunde 16 ndani ya raundi ya pili. Mifupa yote miwili ya mguu wa chini, tibia iliyo nene na fibula iliyo nyembamba, ilikuwa imekatika.

Lilikuwa pambano la marudiano. Julai 6 mwaka huohuo Weidman alimwangusha Silva kwa ngumi na kumnyang'anya mkanda wa uzito wa kati aliokuwa ameushikilia tangu Oktoba 2006. Kwa sababu hiyo watu wengi waliiangalia picha ile ya mguu uliokatika wakaona mkosi tu, au uzee wa bingwa wa miaka 38, au ugumu wa ajabu wa goti la Weidman.

Maelezo hayo yote matatu yanaruka jambo moja. Miguu miwili ikigongana, kila mmoja unapata kani ileile, kwa wakati uleule, kwa mwelekeo ulio kinyume. Sheria ya tatu ya Newton haina upendeleo kwa anayeshambulia wala anayejikinga. Mfupa wa juu wa muundi wa Weidman ulipokea kani sawasawa na ile iliyoupata muundi wa Silva, naye Weidman akabaki amesimama. Kwa hiyo swali la kuuliza si kani ilikuwa kubwa kiasi gani. Swali ni kani hiyo iliugusa kila mfupa mahali gani, na nini kilikuwa kinazishikilia ncha zake mbili.

Mkao wa miguu kabla ya teke

Silva hupigana kwa mkao wa kushoto: mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Weidman ni kinyume chake, kushoto mbele. Wapiganaji wa mikao tofauti wakikabiliana, miguu yao ya mbele inakaribiana, na teke la mguu wa nyuma linalorushwa chini linaingilia upande wa ndani wa mguu wa mbele wa mpinzani. Hilo ndilo alilorusha Silva. Ni teke linalopendwa kwa sababu paja la ndani lina misuli laini, linauma upesi, na likipata vizuri huufungua mkao wote wa mpinzani.

Lakini shabaha yake ni ndogo. Paja linalofikika ni kipande kisichozidi viganja viwili juu ya goti. Ukishuka kidogo tu unakutana na goti lenyewe, na chini yake kuna kichwa cha tibia, sehemu pana na ngumu. Teke la nje lina nafasi ya kukosea: likipanda linapata nyonga, likishuka linapata kigimbi. Teke la ndani halina nafasi hiyo. Na mpinzani halazimiki kufanya kazi kubwa ili kuibadilisha shabaha. Goti la mtu mrefu aliyekunja miguu kidogo liko kama sentimita 50 kutoka sakafuni, na teke lililolengwa katikati ya paja linafika kwenye sentimita 65 hivi. Akiinua goti kwa sentimita 20 tu, pale palipokuwa na nyama sasa pana mfupa.

Kuni na goti

Anayejua kuvunja kuni kwa goti ameshaijua fizikia ya kisa hiki. Unashika ncha mbili, unaweka goti katikati, unavuta ncha zote kuja kwako. Kuni haikatiki pale inapogusana na goti. Ufa unaanzia upande wa pili, ule wa nje unaotanuka, kisha unakimbilia ndani. Ni kupinda kwa nukta tatu: nukta moja inasukuma upande mmoja, mbili zinasukuma upande wa pili.

Katika teke la Silva, nukta ya katikati ilikuwa goti la Weidman. Ncha ya juu ilisukumwa na goti la Silva mwenyewe, na nyuma yake paja na nyonga vilivyokuwa bado vinazunguka mbele. Ncha ya chini haikuhitaji kusukumwa na mtu, kwa sababu unyayo ulikuwa tayari una mwendo na haukuwa na kitu cha kuusimamisha isipokuwa mfupa uleule uliokuwa unapindwa. Watu husahau kwamba unyayo una uzito. Majedwali ya vipimo vya mwili yanayotumika katika biomekanika, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, huuweka mguu mzima kwenye asilimia 16 hivi ya uzito wa mwili, muundi pamoja na unyayo asilimia 6, na unyayo peke yake asilimia 1.5. Kikomo cha uzito wa kati ni kilo 84, kwa hiyo tunazungumzia mguu wa kilo 13, ambao kilo 5 zake ziko chini ya goti, na kilo 1 na robo ziko mwishoni kabisa, pale penye mwendo mkubwa kuliko popote.

Sasa mfupa wenyewe. Mfupa mgumu wa mtu mzima, ukipimwa kwa urefu wake, unastahimili kubanwa kwa megapaskali (kipimo cha kani kwa eneo) zipatazo 190 kabla haujavunjika. Ukivutwa, unakatika kwenye 130 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Mfupa unaopindwa unabanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili kwa wakati mmoja, na upande unaovutwa ndio unaoshindwa kwanza. Tibia ya Silva iligongwa upande wa mbele, basi iliyovutwa ni nyuma, upande wa kigimbi. Ikishakatika hiyo, fibula haina inachoweza kufanya. Kazi yake ya kubeba uzito ni ndogo, na wembamba wake hauwezi kumeza mzigo uliomshinda ndugu yake.

Mahali pa mgongano paliongeza ubaya. Silva ana urefu wa sentimita 188, na kwa mtu wa kimo hicho umbali kutoka goti hadi kifundo cha mguu ni kama sentimita 46. Tibia juu ni pana na ina umbo la pembetatu. Ikishuka inapungua, na inakuwa nyembamba kuliko kwingine kote pale theluthi ya kati inapokutana na theluthi ya chini, sentimita 15 hivi juu ya kifundo. Hapo pia ndipo miundi mingi huvunjikia, iwe ulingoni au barabarani. Uwezo wa bomba la mviringo kustahimili kupindwa unafuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara tatu. Kwa mfano, kipenyo kikishuka kutoka milimita 26 hadi 23, jicho halioni tofauti kubwa, lakini uwezo wa kuhimili kupindwa umeshuka kwa asilimia 31.

Mbona basi mtu apige kwa sehemu hiyo? Kwa sababu ina mwendo. Tuchukulie goti la mpigaji linasafiri kwa mita 5 kwa sekunde na kifundo chake kwa mita 13. Katikati ya muundi kasi ni mita 9, na theluthi mbili kwenda chini inazidi kidogo mita 10. Mpigaji amepata kasi zaidi kwa asilimia 15 na amelipa kwa theluthi ya uimara wa mfupa. Akigonga paja, biashara hiyo inaweza kumfaa. Akigonga mfupa, amenunua hasara.

Tofauti ya paja na mfupa inaonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Chukua kilo 5 zinazokuja kwa mita 10 kwa sekunde. Zikisimama ndani ya milisekunde 20, kwa kuwa nyama inabonyea na mguu wa mpinzani unasogea, kani ya wastani ni nyutoni 2,500, na umbali wa kusimama ni sentimita 10. Zikisimama ndani ya milisekunde 5 juu ya mfupa, kani ya wastani ni nyutoni 10,000 na umbali wa kusimama ni sentimita 2 na nusu. Teke ni lilelile, nishati ni ileile ya jouli 250, ila kani imekuwa mara nne. Isitoshe, kwenye paja kani hiyo ilitandazwa juu ya eneo pana la nyama, wakati kwenye kichwa cha tibia inakusanyika juu ya kipande kidogo chenye mgongo wa mviringo. Ndiyo goti la mvunja kuni hilo.

Kwa nini wa Weidman haukukatika

Nyutoni zilezile zilitua kwenye mfupa wa Weidman, lakini zilitua karibu na ncha, si katikati. Kichwa cha tibia ni kipana, ndani kina mfupa wenye vitundu kama sifongo unaobonyea kidogo na kumeza nishati, na juu yake limekaa goti lililokunjwa likiwa limeungwa na paja zima. Kani inayotua sentimita chache kutoka kwenye kiungo haina wenzo mrefu wa kupindia. Upande wa chini wa mgongano kulikuwa na muundi wake unaoning'inia na unyayo usiokuwa na mwendo wa kutisha. Kwa hiyo mfupa wake ulibanwa sana na kupindwa kidogo, na kubanwa ndiko mfupa unakokustahimili.

Ndiyo sababu kinga hii si sawa na kinga ya kawaida ya muundi kwa muundi inayofundishwa katika ndondi za Thai. Kinga ya kawaida inataka kulitawanya teke. Mguu unainuliwa, muundi unakutana na muundi katika sehemu nene ya juu, wote wawili wanaumia kidogo, pambano linaendelea. Kinga ya goti juu ya muundi inageuza ulinzi kuwa shambulio. Baada ya pambano, Weidman na kocha wake Ray Longo walieleza kwamba walikuwa wameifanyia mazoezi kwa makusudi, baada ya kuona mateke ya chini ya Silva katika pambano la kwanza. Basi neno "mkosi" halifai hapa. Kuvunjika kwenyewe hakukupangwa na mtu, lakini mgongano ule, kwa pembe ile, ulikuwa umerudiwa mazoezini mara nyingi.

Muda

Mtu aliye makini huhitaji takriban sehemu 2 za 10 za sekunde ili aone ishara na kuanza kuitikia. Kuinua goti sentimita 20 kunakula muda mwingine karibu kama huo. Hivyo anayesubiri kuuona mguu wenyewe ukitoka sakafuni mara nyingi amechelewa. Anayefanikiwa husoma mapema zaidi: kisigino cha mguu wa mbele wa mpigaji kinapogeuka, bega la upande wa teke linaporudi nyuma, nyonga inapofunguka.

Silva alirusha teke lile peke yake, bila ngumi ya kulitangulia. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, kubwa kuliko pembe na kuliko umbali. Ngumi inayokuja usoni inamlazimu mpinzani kuweka uzito kwenye mguu wa mbele, na mguu uliobeba uzito hauinuki. Uzito wa Weidman ulikuwa huru. Mguu wake wa mbele ulikuwa mwepesi, na mguu mwepesi ndio unaoweza kwenda popote ndani ya sehemu 2 za 10 za sekunde.

Kisa kilipogeuka

Maelezo ya namna hii yanapaswa kupimwa kwenye kisa kingine, na historia ilileta kipimo kikali. Tarehe 24 Aprili 2021 huko Jacksonville, Florida, Weidman yuleyule alifungua pambano lake na Uriah Hall kwa teke la chini la mguu wa kulia. Hall alilipokea kwa mguu wa mbele, karibu na goti. Muundi wa Weidman ukakatika mifupa yote miwili, akaukanyaga, ukajikunja chini yake. Zilikuwa zimepita sekunde 17 tu, na Hall alikuwa hajarusha pigo hata moja.

Safari hii lilikuwa teke la nje, umri na umbo la mpigaji ni vingine, na mguu ni mwingine. Kilichofanana ni vitu vitatu: teke lililotoka peke yake, sehemu ya chini ya muundi, na nukta ngumu karibu na goti la mpinzani. Mpiganaji Corey Hill alipata jeraha la aina hiyo Desemba 2008, na mpiganaji mwingine, Tyrone Spong, mjini Istanbul Aprili 2014, kila mmoja kwa teke lililokingwa. Ukiweka visa hivi pamoja, hoja ya mfupa wa mzee inapungua nguvu. Hata hoja kwamba huenda kulikuwa na ufa wa zamani haihitajiki, kwa sababu mzigo wenyewe unatosha kuvunja mfupa mzima wenye afya.

Teke lingepigwaje

Marekebisho yanaanzia mbali na muundi. Kwanza ngumi, na ngumi hiyo iwe ya kweli, inayomfanya mpinzani akaze miguu au ainue mikono. Ngumi mbili ni bora kuliko moja. Teke liondoke wakati ngumi ya mwisho bado inarudi, si baada ya mkono kufika kidevuni, kwa sababu pengo hilo dogo linampa mpinzani muda wa kuurudisha uzito nyuma.

Pili hatua. Mguu wa mbele ukanyage nje ya mstari kwa nyuzi 30 hadi 45, vidole vikiwa vimegeuka nje, na hatua iingie ndani vya kutosha. Wengi hukosea hapa. Wanahofia ngumi ya kujibiwa, wanapiga kutoka mbali, na mguu unafika ukiwa umenyooka kabisa na kugonga kwa robo yake ya mwisho. Umbali sahihi ni ule ambao, ukiusimamisha mguu hewani bila kugonga, katikati ya muundi wako ndiyo inayogusa paja la mpinzani. Ukilazimika kujinyoosha ili ufike, usipige.

Tatu nyonga. Mguu unaotangulia nyonga ni mjeledi: una kasi mwishoni na hauna uzito nyuma yake. Nyonga ikizunguka kwanza na goti likabaki limekunjwa kiasi hadi karibu na mgongano, uzito wa paja unaingia ndani ya teke, na mpigaji anaweza kupiga kwa sehemu ya juu zaidi ya muundi bila kupoteza nguvu. Njia ya teke iwe ya kushuka. Teke linalotoka sakafuni na kupanda kuelekea paja linakutana uso kwa uso na goti linaloinuka. Teke linaloshuka kutoka juu, hata goti likiinuka, mara nyingi linateleza juu yake au kutua kwenye paja.

Nne kigimbi, na hili halizungumzwi inavyostahili. Misuli ya kigimbi iko nyuma ya tibia. Ikikazwa inaubana mfupa upande wa nyuma, upande uleule ambao kupindwa kunataka kuuvuta. Kabla ufa haujaanza, mvuto wa teke unalazimika kwanza kuushinda mbano huo. Mguu uliolegea umeitupa kinga hiyo. Kwa hiyo unyayo unyooshwe kwa nguvu, vidole mbali na muundi, na mkazo huo uwepo kabla ya kugusa. Ukikaza baada ya kugusa hakuna faida, kwa kuwa msuli unahitaji muda kujenga kani na mgongano umeisha ndani ya milisekunde chache.

Namna rahisi ya kujua unapiga kwa sehemu gani ni chaki. Paka chaki kwenye begi la mazoezi ya kupiga kwa kimo cha paja, piga mateke 10 kwa kasi ya kawaida ukitanguliza ngumi, kisha tazama alama kwenye muundi wako. Alama zikikusanyika ndani ya kiganja kimoja juu ya kifundo, tatizo lako ni umbali. Rudia zoezi ukiwa umechoka, mwishoni mwa mazoezi, maana alama za dakika ya mwisho hushuka. Miguu ikichoka hatua inafupika, nyonga inachelewa, na mpigaji huanza kuupeleka mguu kwa goti peke yake.

Kukomaza muundi

Mfupa unajijenga kwa kufuata mzigo unaoupata. Daktari wa upasuaji Julius Wolff wa Ujerumani aliandika juu ya hilo mwaka 1892, na hadi leo ndio msingi wa kukomaza miundi. Lakini ujenzi huo ni wa polepole. Mzunguko mmoja wa kubomoa mfupa wa zamani na kuweka mpya unachukua miezi kadhaa, na mwanzoni mwake sehemu husika huwa dhaifu kidogo, kwa sababu ubomoaji hutangulia. Anayeongeza mateke kwa ghafla, tuseme kutoka 50 kwa siku hadi 300, anauingiza mfupa katika kipindi hicho cha udhaifu akiwa na mzigo mkubwa kuliko wa kwanza.

Kuviringisha chupa au kujigonga kwa fimbo hakujengi mfupa. Kunaumiza utando unaoufunika, na baada ya wiki kadhaa mishipa ya fahamu inazoea, maumivu yanapungua, mtu anaamini muundi umekuwa chuma. Kutosikia maumivu na kuwa imara ni vitu viwili tofauti, na cha kwanza kinakuja mapema sana kuliko cha pili. Kinachojenga ni begi zito lisilojazwa kwa ugumu wa jiwe, kuruka kamba, mbio, na mazoezi ya uzito ya kuchuchumaa na kuinuka, yakiongezwa kidogokidogo kwa miezi na miaka. Maumivu ya muundi yaliyo kwenye nukta moja, yanayoongezeka kila unapogusa hapo na yasiyoisha kwa kupumzika usiku, ni sababu ya kusimamisha mateke na kupigwa picha ya eksirei. Mpiganaji mwenye dalili hiyo asiruhusiwe hata kwenye pedi.

Kuifundisha kinga bila kuvunjana

Kinga ya goti ina shida moja ya wazi: ikifanywa sawasawa mazoezini, inaumiza mwenzako. Anayekinga afundishwe kwanza peke yake mbele ya kioo. Uzito kwenye mguu wa nyuma, goti juu hadi kimo cha mkanda, vidole vivutwe juu ili msuli wa mbele wa muundi ujitokeze, goti lielekezwe teke linakotoka, kisha mguu urudi palepale. Kosa la kawaida ni kuinua unyayo nyuma badala ya goti mbele. Muundi unalala, na teke linagonga katikati yake, yaani anayekinga anajiweka yeye kwenye nafasi ya kuni.

Wakiwa wawili, mpigaji avae kinga nene za miundi na apige kwa robo ya nguvu. Kocha atangaze kama ni teke au si teke kwa kuchanganya ngumi za uongo, ili anayekinga ajifunze kusoma nyonga, si kuhesabu zamu. Goti la nguvu kamili lipigwe kwenye pedi iliyoshikwa na kocha, halafu basi. Hatuoni sababu yoyote ya kulijaribu juu ya muundi wa mtu.

Ikitokea

Mguu usinyooshwe na mtu asiye na ujuzi wa tiba, na mjeruhiwa asisaidiwe kusimama. Ufungwe banzi katika hali uliyokutwa nayo, kuanzia juu ya goti hadi chini ya kifundo, kwa mto au ubao uliofunikwa kitambaa. Vidole vichunguzwe mara kwa mara: rangi, ubaridi, kama anahisi akiguswa, kama anaweza kuvichezesha. Penye jeraha lililo wazi, lifunikwe kwa kitambaa safi, mfupa usirudishwe ndani. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji saa hizo. Katika saa zinazofuata hatari kubwa ni uvimbe uliofungiwa ndani ya misuli. Mguu unakuwa mgumu kama ubao, maumivu yanazidi dawa na yanapanda mtu akivutwa kidole cha mguu. Huo ni udharura, msuli unaweza kufa ndani ya saa chache ukikosa damu.

Silva alifanyiwa upasuaji usiku uleule. Fimbo ya chuma iliingizwa ndani ya uwazi wa tibia, na fibula ikatulizwa bila upasuaji wake. Fimbo hiyo inafanya kazi ambayo mfupa ulishindwa kuifanya: inakaa katikati ya muundi na kukataa kupinda, huku uzito wa mwili ukizibana ncha mbili zilizokatika zikutane. Mfupa wa muundi wa mtu mzima kwa kawaida huunga ndani ya miezi 4 hadi 6, na theluthi yake ya chini huchelewa zaidi kwa kuwa ina nyama kidogo na damu kidogo inayoufikia. Kuunga si kurudi kupiga. Mtu aanze kwa kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu, kisha begi laini kwa nusu ya nguvu na alama za chaki zikikaguliwa kila wiki, na mateke dhidi ya mtu yawe ya mwisho kabisa, baada ya daktari kuridhika na eksirei. Silva alirudi ulingoni tarehe 31 Januari 2015, miezi 13 baada ya kuvunjika, akapigana raundi zote tano na Nick Diaz. Weidman, ambaye mguu wake ulihitaji upasuaji zaidi ya mmoja, alirudi Agosti 2023, miezi 28 baada ya teke lake la Jacksonville.